Karibu Chai

Siku hizo kila kichwa kiliendeshwa na programu, na kila nyumba ilikuwa na skrini ya kupima kasi ya akili za wenyewe. Mashavu ndiye aliyeiboresha kazini, ikawa inaonyesha ni badiliko gani la programu limeleta uzito wa akili.

Kwa mumewe, Kipingu, iliwaka nyekundu mahali pamoja: kwenye badiliko la msiba. Tangu afiwe na mama yake, kila asubuhi alisema, "Karibu chai, mama," kisha akangoja mbele ya kiti kitupu.

"Niliondoe badiliko hili?" Mashavu aliuliza.

"Liondoe tu, mke wangu. Chai inapoa."

Akabonyeza.

Kesho yake Kipingu alijimiminia chai, akanywa bila kumkaribisha yeyote, akaondoka. Mashavu alibaki na kikombe kitupu, akingoja kukaribishwa. Safari hii skrini ikawaka nyekundu kwenye jina la Mashavu.