Rimu ya Mogire

Esnah alipiga rimu mara saba, kama marehemu mume wake alivyokuwa akipiga, halafu akasimama hapo na nyundo mkononi, akingoja kusikia kitu ndani ya moyo wake. Hakusikia kitu. Mkono tu ndio uliouma.

Rimu yenyewe ilikuwa ya lori kuukuu, imening'inizwa kwenye mti kando ya kanisa. Kwa miaka kumi na mmoja Mogire aliipiga kila Ijumaa jua likizama, na kilima chote kule juu ya Ikonge kikajua Sabato imeingia. Jembe liliwekwa chini, sufuria ikaepuliwa. Mogire alikuwa mtu wa mizaha. Alisema Gabrieli ana tarumbeta, yeye ana gurudumu, na siku ya mwisho watabadilishana.

Sasa Mogire alikuwa amelala kando ya nyumba yake, karibu na migomba, wiki ya tatu. Tangu azikwe, siku zilipita mbele ya Esnah kama ng'ombe wa rangi moja. Alichuma chai, akalala, akaamka. Betri za redio ziliisha wiki ya mazishi, hakununua zingine. Wanawake wa kanisa walileta uji, akanywa. Walimwambia amtegemee Mungu, akaitikia. Hakuwa na hasira. Hakuwa na kitu.

Aliiacha nyundo chini ya mti. Kabla hajafika njiani, jirani yake Persis akatokea mbio, jembe begani, udongo bado haujakauka.

"Mama Ogari! Ni wewe umepiga?"

"Nani mwingine? Nyinyi wote mnaiogopa hiyo rimu kama nyoka."

"Hapana, mama, ni vile tu..."

"Sikia, Persis. Kesho nitakuja nikae pale mbele, kiti changu. Nikikaa peke yangu, nitajua Mungu alifukiwa pamoja na Mogire. Sitakanyaga hapa tena."

Alisema hivyo kama mtu anayeomba chumvi. Persis alifungua mdomo. Akatazama pale jua lilipozamia. Akafunga mdomo.

"Watu watakuja," alisema. Kisha akakaza leso kiunoni akateremka kilima, mlango hadi mlango, kama mtu aliyepotelewa na ndama.

Asubuhi Esnah alivaa nguo yake nyeupe. Kanisa lilikuwa limejaa. Alihesabu vichwa, akaacha kuhesabu. Momanyi, mzee wa kanisa, suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini. Persis alikuwa na unga kwenye viwiko. Watoto hawakuwepo hata mmoja. Labda ni mafua, Esnah aliwaza, wala jambo hilo halikumsumbua.

"Sabato njema," alisema.

"Bwana asifiwe, mama," Momanyi alijibu. "Keti, keti."

Alisalimia wa kulia, akasalimia wa kushoto. Wote walimjibu, "Bwana asifiwe," macho kwenye viatu.

Momanyi alihubiri bila karatasi, na ilionekana hakuwa amejitayarisha. Alikohoa sana. "Rehema ya Mungu," alisema mwishowe, "haiangalii kalenda." Mtu mmoja huko nyuma alicheka, akapigwa kiwiko.

Katikati ya maombi lori la majani ya chai likapiga honi kule barabarani, honi ndefu, ile ya kuita watu waliochelewa. Siku zake zilikuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku hizi hata Sabato, Esnah aliwaza. Dunia imeisha. Lori likapiga honi tena. Hakuna aliyesimama. Momanyi tu alizidi kuyafumba macho kwa nguvu, kama mtu anayeng'olewa jino, akaendelea kumwombea mjane wa Mogire.

Lori likaondoka.

Wakati wa wimbo wa mwisho Persis alimshika mkono. Mkono ulikuwa wa moto, umepasuka-pasuka, na haukumwachilia. Ndipo Esnah alipohisi kitu kidogo kifuani, kama kaa la moto lililosahaulika chini ya majivu. Alilia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. Hakuna aliyemnyamazisha.

Wakati wa kutoka aliona vikapu vingi nyuma ya kanisa, vimefunikwa kwa majani ya ndizi. Alidhani ni chakula cha mchana. Lakini hakuna aliyepakua, na yeye hakuwa na njaa. Alienda nyumbani akalala mpaka jogoo.

Kulipokucha alikumbuka kwamba leso yake ilibaki kanisani. Akajitwika kikapu cha chai mgongoni, aipitie leso kwanza halafu aende kuchuma.

Alipokaribia alisikia sauti. Zilikuwa zinaimba, lakini chini chini, kama watu wenye mtoto mchanga amelala ndani ya nyumba. Akasukuma mlango.

Kanisa lote lilikuwa humo, limevaa meupe. Watoto walikuwa wamejipanga mbele, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Kiti chake kilikuwa kitupu, na juu yake leso, imekunjwa vizuri. Karibu na mlango alikuwa Momanyi, na miguuni pake ile nyundo, kichwa chake kimefungwa sweta, ili rimu ya jana jioni isisikike mbali.

Wimbo ukakatika.

Momanyi aliinuka, akamtua kikapu kama mtu anayempokea mgeni wa mbali.

"Tulijaribu kuimba polepole, mama, usisikie," alisema. "Sasa umeshafika. Keti. Sabato njema."