Vumbi la Meza za Jikoni

Picha ya mapafu ilitua mezani kwa bosi kwa kishindo, chai ikamwagika.

"Iangalie!" Msumeno alifoka. "Iangalie vizuri, usijifanye huoni!"

Msumeno ndilo jina alilopewa na mafundi wenzake pale karakana, maana kwa kukata mawe ya meza za jikoni hakuwa na mpinzani. Alikuwa ametoka kwenye mashine moja kwa moja, mweupe pee kuanzia kofia hadi viatu. Bosi akavuta haraka kiti cha wageni.

"Usikalie hapo, utanichafulia."

"Sikuja kukaa."

Bosi akainua ile picha kwa ncha za vidole, akaielekeza dirishani. Madoa meupe yalikuwa yametapakaa mapafu yote mawili.

"Pole," alisema, kama mtu anayempa pole jirani aliyefiwa na kuku. "Lakini barakoa nilizinunua mimi. Ulikuwa unaivaa, au ulikuwa unaining'iniza shingoni?"

"Naivaa siku zote. Waulize wenzangu."

"Basi hilo si vumbi langu. Labda sigara."

Sigara! Damu ilimchemka Msumeno. Nyumbani kwake hakuna aliyewahi hata kuigusa. Akapiga meza ngumi.

"Sikiliza nikwambie alivyosema daktari! Vumbi la jiwe likiingia kifuani, askari wa mwili wanalimeza, wanadhani ni kijidudu. Wanalimwagia oksijeni kali, ile ya kuunguzia vijidudu. Sasa jiwe linaungua, bosi? Haliungui! Wanapasuka wao, ule ukali unamwagika, unaunguza pafu lenyewe. Wanakuja wengine, wanameza vumbi lilelile, nao wanapasuka. Kila palipoungua panaota kovu. Na kovu halivuti hewa!"

"Dawa si zipo?"

"Ya kuliondoa kovu haipo! Tulikuomba bafu na chumba cha kubadilishia nguo, tukakuomba mpaka midomo ikachoka. Chumba ukakijaza matairi yako, sisi ukatuambia tukaoge makwetu. Huna hata haya!"

Bosi aliegemea kiti, akacheka kidogo.

"Lakini wewe bwana, mtu mwenye mapafu ya namna hii, pumzi ya kunifokea hivi unaitoa wapi?"

Msumeno alitamani kumkaba koo. Alimkodolea macho tu, meno yameumana, na bosi akaona kumbe mtu mwenyewe ameanza kupoa. Nje mafundi walikuwa wamezima mashine ili wasikie. Bosi naye aliliona hilo, akapandisha sauti kidogo wamsikie vizuri.

"Haya, yaishe. Mimi si mnyama. Kuanzia leo hukati tena mawe. Utakaa getini, mshahara wako uleule, na matibabu yako yote juu yangu. Umeridhika sasa?"

"Getini nikafanye nini? Mimi mzima." Sauti ya Msumeno ilianza kutetemeka. "Hiyo picha ni ya mke wangu. Kila jioni nikirudi, yeye ndiye anayezikung'uta nguo zangu."