Mikono Isiyogandisha Maziwa

Cheti changu cha Ngozi ya Kwanza nimekitundika sebuleni, pale mgeni hawezi kukikosa. Tangu dawa ziliposhindwa na vijidudu, sisi sote huchanjwa ili ngozi zetu zitengeneze protini za kuviua, lakini chanjo ilinikubali mimi kuliko yeyote kijijini. Jirani akijikata na panga hakimbilii zahanati. Ananijia mimi, nampaka jasho la kiganja changu, na kidonda hakiozi. Najivunia, wala sifichi.

Binti yangu Jebiwott aliposhinda mbio za dunia, nilisema mursik ya kumpokea, yale maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, nitaigandisha mwenyewe. Nilikama, nikasugua kibuyu kwa mkaa, nikakifunga.

Siku ya saba mama mkwe wangu, Kogo Tabsabei, mtu pekee aliyekataa chanjo, alikifungua akaonja.

"Mama Jebiwott, haya ni maziwa ya leo?"

"Ya wiki jana, Mama."

Aliitazama mikono yangu, inayoua hata vijidudu vya kugandisha maziwa. Kisha akaenda kukama na kugandisha upya kwa mikono yake. Jebiwott alipofika alikunywa mursik ya bibi yake, akafuta midomo akicheka, na vigelegele vyangu vilisikika hadi ng'ambo ya bonde.

Kogo tulimzika mwezi wa nne. Kibuyu changu sijakimwaga. Kila asubuhi naonja, na maziwa bado ni matamu kama yaliyokamwa sasa hivi.

Jebiwott ameshinda tena. Anarudi Jumamosi, na kijiji kizima hakuna aliyebaki na mikono ya kugandisha maziwa.