Siku Mama Redio Alipozimwa

Mama Redio aliwafungulia wakwe mlango akiwa na funda la maji mdomoni. Hayakuwa maji ya kunywa, yalikuwa kufuli. Mashavu yamemtuna kama mpiga tarumbeta, akainamisha kichwa kwa adabu na kuwaonyesha viti kwa mkono.

Wageni nao wakaingia kimya. Hata hodi walikuwa wameigonga tu, hawakuitamka.

Na hii ndiyo nyumba ambayo mtaa mzima ulipatia habari zake. Mama Redio alishona nguo barazani, na mteja aliyekuja kupunguza kiuno cha sketi aliondoka akijua nani kaachika, nani anachumbiwa na nani anajifanya hajui. Cherehani ilikuwa na wakati wa kupumzika, mdomo, hapana.

Ila mdomo huohuo ulishafukuza posa mbili za bintiye. Ya kwanza, alimwambia baba wa mchumba kwamba suruali aliyovaa ni ya kuazima, maana mwenye suruali hiyo alishonewa na yeye mwenyewe. Ya pili ndiyo usiseme: aliuliza mbele za watu mbona kijana kafanana na mpangaji wao kuliko baba yake. Kikao kilivunjika hata soda hazijafunguliwa.

Basi hii ya tatu binti akaamua kuisimamia mwenyewe. Kazi yake ni kuzunguka maofisini akifundisha watu kuongea kwa heshima na wenzao wa desturi nyingine. Mchumba alimpata hukohuko kwenye semina, naye anafanya kazi hiyohiyo. Binti akamketisha mama yake, kidole juu, kama anasomesha chekechea.

"Mama, hawa wanatoka nchi nyingine. Lugha tunaelewana, desturi ndiyo mbali. Kwao heshima ni kunyamaza. Siku ya kwanza kuonana wazazi hawasemi kabisa. Tutasema mimi na mwenzangu tu."

"Hawasemi? Wanatazamana tu kama kuku kwenye tenga?"

"Kama watu wastaarabu. Ukitamka neno moja, wanavaa viatu wanaondoka."

"Na nikipiga chafya?"

"Mama!"

"Haya, haya. Ila mwanangu, hiyo si desturi, hiyo ni adhabu."

"Umeona? Dharau yenyewe ndiyo hiyo! Na hii nayo ikivunjika, mimi hapa sirudi tena. Utabaki na cherehani yako mkipiga soga."

Mama Redio akanywea. Mwanawe alikuwa mmoja tu.

Sasa wamekaa, Mama Redio na mjomba wa binti upande mmoja, wakwe upande wa pili. Saa ya ukutani inasikika inavyokwenda. Mama wa kijana, mwanamke mnene mwenye macho yasiyotulia, alikuwa amekandamiza leso mdomoni tangu alipoingia. Anaziba harufu, Mama Redio akasema moyoni. Nimedeki tangu alfajiri mpaka mgongo umeniuma, leo anaiona nyumba yangu inanuka! Kisha jicho likatua kwenye gauni la mgeni. Zipu imeshonwa upogo, inakwenda kama njia ya mlevi. Mshono wa namna ile hauachwi hivihivi, unaomba kusemwa. Maji yakamcheza mashavuni.

"Wazazi wangu wanasema wamefurahi sana," akatangaza kijana. Baba yake wakati huo alikuwa anaangalia dari.

"Na wangu wanashukuru mno," binti akajibu, akimtabasamia.

Alichokuwa anakiangalia yule mzee darini ni mjusi. Mjusi akateleza, akaanguka, tumbwi, ndani ya kikombe chake cha chai.

Mjomba wa binti alifungua kinywa. Mama Redio akamfinya paja, kikafungika. Mzee akamwopoa mjusi kwa kijiko, polepole, akamlaza kwenye kisahani. Akawatazama wenyeji wake mmoja mmoja. Akainamisha kichwa kama mtu aliyeongezewa sukari, akanyanyua kikombe, akanywa.

Mama Redio akameza maji yote kwa mpigo, machozi yakamlenga. Watu gani hawa, jamani? Chai imeogelewa, na wao bado wanatunza desturi! Huku si kuoza mtoto, huku ni kumzika. Nani atamtania huko? Nani atamwita toka dirishani? Lakini akamtazama bintiye alivyong'aa, akaung'ata ulimi mpaka ukauma.

Posa ikapita. Watoto wakaulizana wenyewe, wakajibizana wenyewe, wakapanga mpaka siku ya harusi. Wakubwa kazi yao ilikuwa kutingisha vichwa. Mwisho kijana akasimama na kuwapongeza wazee wote kwa kikao cha heshima ambacho, alisema, angependa kukitolea mfano kazini.

Mama Redio akakusanya vikombe, akakimbilia jikoni apate kupumua. Mara akasikia hatua nyuma yake. Mama wa kijana alikuwa amemfuata na sinia. Akaliweka mezani, akachungulia sebuleni, akausukuma mlango kwa kisigino mpaka ukafungika. Ndipo akaondoa leso mdomoni. Ilikuwa imetafunwa pindo zote.

"Mkwe wangu, nisamehe, najua navunja mwiko nyumbani kwako," akanong'ona haraka haraka, "na mwanangu katuapisha tusifungue vinywa. Lakini hebu niambie, mwenzangu: hii desturi yenu ya kunyamaza inaisha saa ngapi? Mimi karibu nipasuke!"