Filimbi ya Wimbo wa Nne

Mgonjwa alikuwa ameshaachama, pamba mashavuni na mpira wa kunyonya mate mdomoni, ndipo daktari wa meno alipoanza kuuchambua wimbo wa pili.

"Sikiliza gitaa la besi hapo, mzee wangu. Linashuka ngazi. Watu wanasikia besi, mimi nasikia ndoa inavunjika."

Mgonjwa alikoroma kooni. Daktari aliridhika. Kwa miaka yote aliyofanya kazi ile hakuwahi kupingwa na mgonjwa hata mmoja, na hilo lilimthibitishia kwamba hoja zake hazina mpinzani.

Santuri ilikuwa ikizunguka juu ya kabati la vifaa. Ilikuwa albamu ya roki ya zamani, na jaladani hamna sura ya mwanabendi yeyote, ni picha ya viatu vilivyochakaa tu. Hilo halikumsumbua daktari. Alizoea kusema kwamba wanamuziki wao hupiga tu, kuelewa ni kazi ya mtu mwingine, na mtu huyo mwingine ni yeye. Mkewe, aliyekaa mapokezi, alikuwa ameisikia albamu hiyo mpaka ikamtokea puani.

Mzee huyu mwenye upara alikuja kusafishwa meno, basi. "Nina shughuli Jumamosi," alisema alipoketi, "sasa nataka..." Lakini daktari alikuwa ameshamlaza na kumwashia taa ya usoni.

"Harusi ya binti, bila shaka! Hongera. Mimi nami Jumamosi nina yangu. Bendi hii inarudi jukwaani, usiku mmoja tu, halafu basi tena. Nimeingoja tangu sijaota ndevu!"

Macho ya mzee yakatanuka. Akanyanyua kidole.

"Tulia, nisije nikakuumiza."

Wimbo wa tatu ukapita. Daktari alieleza kuwa ngoma zake ni mapigo ya moyo wa mfanyakazi wa kiwandani, na kwamba pale mpigaji anapochelewa pana siri nzito, si uzembe kama wasemavyo wenye wivu. Mzee alitoa sauti ambayo, kama si zile pamba, ingekuwa kicheko.

Kisha ukaja wa nne, na daktari akaisimamisha mikono yake hewani.

"Sasa! Mwisho wa kiitikio. Umeisikia? Fyuuu... Filimbi. Nyembamba kama uzi. Wenzangu kwenye kundi la mashabiki wanabisha, eti ni kinanda. Asiyejua maana haambiwi maana! Ile ni filimbi ya mwanzi, na aliyeipiga amefichwa, jina lake halimo jaladani. Jumamosi atatokea, na mimi nitakuwa mstari wa mbele." Akashusha sauti. "Mama yangu alipofariki, mzee wangu, nilikuwa silali. Hiyo filimbi ndiyo iliyonibembeleza. Nikiisikia mara moja tu kwa masikio yangu, pale pale inapotoka, sitaki kingine."

"A-a," alisema mzee. "A-a-a!"

"Najua. Hata mimi ilinishangaza."

Alimaliza kusafisha huku moyo umejaa wema. Ni nadra kumpata msikilizaji makini kiasi hicho. Akayatazama meno ya mbele ya mzee, akaona mwanya mpana wa kupitisha upepo, akamwonea huruma.

"Na picha za harusi utapigaje na mlango wazi namna hii? Nakuzibia. Bure kabisa, zawadi yangu kwako."

Mzee akatikisa kichwa kwa nguvu.

Mke wa daktari alikuwa amechungulia mlangoni. "Baba watoto, mgonjwa anakataa."

"Anafuata mdundo."

"Mwanya ni urembo. Mwache nao."

"Urembo kwa msichana. Kwa mzee ni uzembe."

Mzee alijaribu kuinuka, lakini kiti kilikuwa kimelazwa hata miguu yake ikawa juu kuliko kichwa, na kiwiko cha daktari kilikuwa kimetua kifuani pake kwa upendo. Mwenye vyuma mdomoni hugomba kwa macho tu, na macho yenyewe yakaanza kutoa machozi. Daktari alipoyaona, naye yakamlengalenga. Kumbe wapo bado wazee wanaojua muziki.

Alipaka dawa, akachonga, akagandisha kwa taa ya buluu. "Hii imeshika moja kwa moja. Ukitaka kuitoa, ung'oe na meno yenyewe."

Akaondoa pamba, akakiinua kiti, akampa mzee kioo. Santuri ilikuwa imefika mwisho na chumba kilikuwa kimya. Mzee alijitazama kwa muda mrefu, ulimi wake ukipapasa nyuma ya meno kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Mke wa daktari alisogea na glasi ya maji, huku akingojea matusi.

Mzee hakutukana. Alivuta pumzi, akafumba macho, akaimba kiitikio cha wimbo wa nne.

Sauti ilikwaruza kidogo kwa uzee, lakini yake na ya kwenye santuri zilikuwa shilingi kwa ya pili. Daktari akashika ukingo wa sinki. Kiitikio kikafika mwisho, na pale penye filimbi ikatoka pumzi tupu.