Kwa Mama Tunu

Asubuhi seva ya nyumba yetu iligoma kuwaka. Siku hizi nyumba bila seva ni gofu tu: mlango haufunguki, maji hayatoki, jiko halishiki moto. Lakini fundi wa seva mtaa mzima ni mimi, kwa hiyo sikubabaika. Nikakagua nyaya, nikaizima, nikaiwasha tena. Kwenye skrini ikaandikwa: "Siwezi kuanza. Jina langu halipo kwenye anwani hii."

Seva haiwaki mpaka daftari la mji lithibitishe jina la nyumba, na jina moja ni la nyumba moja. Yetu inaitwa Kwa Mama Tunu. Nikaliuliza daftari jina hilo limekwenda wapi. Likajibu palepale: limehamishwa jana, lipo ng'ambo ya mji.

Ufunguo wa kuhamisha jina tunao wawili tu, mimi na mume wangu, Shemdoe. Nilimkabidhi mwenyewe siku ya harusi, shangazi zangu wakipiga vigelegele. Mjinga mimi! Juzi aliondoka na binti yetu Tunu, akaniaga vizuri kabisa: "Mama Tunu, tunakwenda kumsalimia bibi. Wiki haiishi, tumerudi."

Nikalipigia simu jina langu mwenyewe. Akapokea mtoto.

"Karibu, hapa ni kwa Mama Tunu."

"Tunu, ni mimi. Ni mama."

Akauliza kwa adabu, kama alivyofundishwa:

"Mama yupi? Wa hapa yuko jikoni."