Kidonge cha Odeke

"Wenzako hununua panzi wa kukaanga, wewe huwataka walio hai tu," nilikuwa nikimtania mtafiti wa dawa kila nilipompelekea mzigo hapa Malaba.

"Ubongo wao una ukuta unaozuia vitu vya damuni kama wetu, mama," alinijibu. " Napima dawa zipi hupenya."

Baada ya kumzika mwanangu Odeke, nilimletea mtafiti kidonge kutoka kikopo cha dawa ya kifafa aliyokuwa akimeza marehemu. Alikiyeyusha, akachovya humo ubongo wa panzi, mweupe, mdogo kama punje ya wimbi.

Leo ameniita. "Dawa hii haikuingia ubongoni hata chembe; haiwezi kuzuia kifafa. Marehemu aliitumia muda gani?"

"Miaka miwili," nikajibu. Odeke alikuwa akiitema, nami nikimbana pua mpaka ameze.

Asubuhi hii, kutoka kikopo hicho hicho, nimemmezesha kidonge mdogo wake, ambaye naye ameanza kuanguka kifafa.